Kulizunguka Loch Katrine kwa baiskeli ya kukodi: uzoefu wangu

Nianze na lawama, nikishaitua nitasifu kwa nafasi. Pampu. Duka nililokodia baiskeli pale Glasgow, Uskoti, lilinipa baiskeli safi ya barabarani, nyepesi, gia zinaingia bila kelele, pauni 35 kwa siku na helmeti ndani ya bei hiyohiyo. Chini ya siti walifunga kipochi: tyubu ya akiba, viplastiki viwili vya kubandulia tairi, na pampu ndogo. Mimi sikukifungua. Nilikipapasa kwa juu tu, nikaona kimejaa, nikaridhika. Tutarudi kwenye kipochi hicho.

Safari yenyewe ni mzunguko wa kama kilomita 50 unaoanzia na kuishia Aberfoyle, kijiji kilicho kaskazini ya Glasgow, mlangoni mwa Trossachs, eneo la vilima, misitu na maziwa. Nilikwenda na shemeji yangu, ambaye ameishi Uskoti miaka mingi na huitamka ile "loch" kwa kh ya kooni kabisa, kama ya Kiarabu. Maana yake ni ziwa, basi. Tulitupia baiskeli ndani ya gari lake Jumanne asubuhi. Jumanne kwa makusudi: wikiendi kipande cha kwanza hujaa pikipiki kubwa zinazokuja kufurahia kona, na ukienda Jumapili ukitafuta utulivu utaniapiza.

Kipande hicho ndicho Duke's Pass, barabara ya mlimani iliyopewa jina kwa ajili ya kabaila mmoja, Duke wa Montrose. Inaanza palepale kijijini, hata miguu haijapata moto. Ukikata kona ya kwanza unakutana na mwinuko unaokuuliza umekuja kufanya nini. Kwa jumla unapanda zaidi ya mita 200. Aliyewahi kupanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto hatatishika na picha yake, ila kwenye gari anayehema ni injini. Mimi nilifika gia ya mwisho mapema mno, nikamuuliza shemeji kama tumemaliza. "Shem," akasema, "hapa bado tunabisha hodi." Huko juu msitu unafunguka, unaona vilima vimepangana na kangaga imevifunika mabega, kisha unateremka kwa kasi hadi Loch Achray. Breki zilikuwa nzuri. Hilo duka nalipa haki yake.

Kutoka Loch Achray ni mwendo mfupi hadi Trossachs Pier, gati la boti za Loch Katrine, na hapa ndipo pesa yangu ilipojilipa. Kando ya ukingo wa kaskazini wa Loch Katrine kuna barabara ya lami ya kama kilomita 21 ambayo magari ya watu wa kawaida hayaruhusiwi. Utapishana na gari moja moja la wenyeji au la watu wa maji, kwa sababu ziwa hili ndilo linaloinywesha Glasgow tangu 1859, Malkia Victoria alipokuja kufungua mfereji wake. Maji husafiri zaidi ya kilomita 40 hadi Milngavie, pembeni mwa Glasgow, kwa mteremko tu, bila pampu. (Wao walijua mambo ya pampu.) Chai yote niliyokunywa Glasgow, kumbe ilitoka hapa.

Sasa, kimya cha barabara ile. Nimeendesha baiskeli tangu utotoni Tanga, lakini mwendeshaji wa kwetu sikio moja huwa nyuma muda wote, linasikiliza lori. Pale, baada ya kilomita tatu hivi, sikio lile liliacha kazi. Nilianza kusikia cheni yangu mwenyewe, matone yanayodondoka kutoka kwenye miti ingawa mvua ilikwisha kitambo, na kijito kila baada ya mita mia kadhaa kikipita chini ya lami kwenda ziwani. Shemeji aliyekuwa mbele yangu hatua hamsini aliongea bila kupaza sauti nami nikamsikia.

Msiambiwe lakini kwamba ni tambarare. Kwenye ramani njia imeshikana na maji, ukadhani ni kama kuzunguka uwanja. Si kweli. Inapanda na kushuka bila kuchoka, na baadhi ya vipandio vyake ni vifupi lakini vikali kuliko Duke's Pass. Tuliona familia yenye watoto ikisukuma. Wenye busara hupakia baiskeli kwenye boti, wakateremka Stronachlachar upande wa pili, kisha wakarudi kwa barabara. Ziwa hili ndilo maskani ya meli ya mvuke Sir Walter Scott, ya mwaka 1899.

Tulipita kichwa cha ziwa, Glengyle, alikozaliwa Rob Roy MacGregor, yule haramia aliyegeuka shujaa wa hadithi za Uskoti, mwaka 1671, na hatukusimama hata kidogo, kwa sababu tulishasimama sana kabla ya hapo. Pancha. Tairi la nyuma, chini ya miti, mahali pasipo hata upepo wa kutikisa jani.

Na pasipo upepo pana usubi. Wadudu hawa wadogo kuliko kichwa cha pini huanza kusumbua mwishoni mwa majira yao ya machipuko hadi Septemba, na wakati wewe uko mwendoni hawakupati. Kusimama ndiyo karamu yao. Nikageuza baiskeli, nikatoa tyubu mpya, nikaipachika vizuri, nikachukua pampu. Valvu ya tyubu ilikuwa ile nyembamba, yenye kiskrubu unachokilegeza kwanza. Mdomo wa pampu ulikuwa wa valvu nene, kama za gari. Niligeuza, nikabana kwa kidole, nikazungushia kipande cha kitambaa. Fyuu. Usubi wameingia masikioni, kwenye nyusi, hadi chini ya mkanda wa helmeti. Shemeji naye pampu yake aliiacha garini, kwa kuwa mimi nilimwambia ninayo. Hapo sikusema neno.

Tulisukuma kama nusu saa. Akaja mzee mmoja kwenye gari dogo la kazini, akasimama kabla hatujainua mkono, akatazama uso wangu uliovimba kisha tairi, akafungua buti na kutoa pampu ya kusimama. Alikataa hata asante ndefu. Ila alitupa chupa ya dawa ya wadudu tujipake, akacheka kidogo.

Stronachlachar kuna mkahawa juu ya maji. Supu ya moto na skoni, nami nikala kama mtu anayefuturu. Kutoka hapo unapanda kidogo hadi Loch Arklet. Kwenye njia panda, barabara ya kushoto inakurudisha Aberfoyle, ya kulia inateremka Inversnaid, kando ya Loch Lomond, na kwa hiyo ya kulia ndiko vipande vya ile meli Sir Walter Scott vilikokotwa na farasi kuletwa Katrine, baada ya kuundwa katika mji wa Dumbarton na kufumuliwa. Sisi tulishika kushoto. Kipande hiki cha mwisho kwa jumla kinateremka, kikipita Loch Chon na Loch Ard, lakini lami imechoka, imepasuka pembezoni, na ni nyembamba kiasi kwamba gari likija unaingia kwenye sehemu ya kupishania na kungoja. Madereva walikuwa waungwana, wote walipunga mkono. Matairi membamba sana sikushauri.

Zungukeni kwa mwelekeo huohuo, Duke's Pass kwanza. Kuupanda mwishoni ukiwa na kilomita 40 miguuni ni adhabu. Bebeni koti la mvua hata kukiwa na jua, na chakula, maana kati ya gati na Stronachlachar sikuona duka, na simu yangu ilikufa mtandao.

Dukani nilipoirudisha baiskeli, kijana aliijaribu ile pampu kwenye gurudumu, mara ya kwanza, mara ya pili, akaitazama mdomoni. Akanirudishia pauni tano. Kisha nikamwona anaikunja na kuirudisha ndani ya kipochi kilekile. Nikamwomba aitoe nikiwa bado nimesimama hapo.