Mashine ya santuri ya kuanzia: kabla ya kuuliza bei, igeuze uangalie nyuma

Mwaka jana nilinunua mashine ya santuri kwa shilingi 220,000 kwa kaka mmoja wa Kariakoo anayeuza mitumba ya vyombo vya umeme kutoka Marekani. Mbao yake safi, kifuniko hakina hata mkwaruzo, na transfoma ya kushusha umeme akanipa bure: "Hiyo zawadi, dada yangu." Nikafika nyumbani, nikaweka sahani ya Morogoro Jazz aliyoiacha marehemu baba. Gitaa likaanza kuburuta miguu. Mwimbaji akaingia kama mtu aliyeamshwa usingizini akiwa na mafua. Mama akauliza kutoka jikoni, "Huyo nani tena?"

Nikabadilisha mkanda unaozungusha sahani. Nikabadilisha sindano. Nikatia mafuta. Zilikwenda karibu 90,000 nyingine kabla fundi mmoja mzee wa Ilala hajaigeuza mashine, akasoma kibandiko cha nyuma na kucheka mwenyewe. 120V, 60Hz. "Mwanangu, transfoma inashusha volti tu. Hiyo sitini haiigusi."

Ndiyo maana sianzi na ubora wa sauti, rangi wala Bluetooth. Hayo utayasoma popote. Mimi nina ugomvi na hiyo sitini.

Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde. Wa kwetu Afrika Mashariki, mara 50. Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata mapigo hayo kama mchezaji anavyofuata ngoma. Ngoma ikipungua kasi, naye anapungua. Ukiileta huku inapoteza sudusi nzima ya mwendo: mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inakuwa kama 28, na 45 inakuwa 37 na nusu. Wimbo wa dakika tatu unakula dakika tatu na sekunde 36, na sauti ya mwimbaji inashuka karibu nusu-toni tatu. Huo si ugonjwa wa mkanda wala sindano, na muuzaji akikuambia "itazoea" jua anakuchezea. Dawa yake kwa kawaida ni kubadilisha kile kipuli kidogo cha mota (kigurudumu kinachovuta mkanda) kiwe cha 50Hz, kama utakipata. Mimi sijakipata hadi leo.

Mashine zenye mota ya DC, yaani ya umeme kama wa betri, hazina shida hii, kwa sababu kasi yake haipangwi na mapigo ya umeme wa ukutani. Nimezipanga nikianza na hilo.

Ya kwanza ni Audio-Technica AT-LP60X, na sijifichi kwamba naipendelea. Nimeinunua baada ya ule msiba na sina mpango wa kuiacha. Mota ni ya DC. Unabonyeza kitufe, mkono unanyanyuka wenyewe, unashuka kwenye sahani, na wimbo ukiisha unarudi kitandani. Usilidharau hili. Muziki wetu wa zamani mwingi ulitoka kwenye sahani ndogo za 45, wimbo mmoja kila upande, kwa hiyo kila baada ya dakika chache unainuka. Mashine isiyorudisha mkono itakuacha na sindano ikikwaruza katikati huku wewe uko mlangoni unaongea na jirani. Ndani yake mna kikuza sauti cha awali, hivyo unaichomeka moja kwa moja kwenye sabufa ya sebuleni kwa zile waya nyekundu na nyeupe. Hakikisha tu swichi ya nyuma iko LINE. Ikibaki PHONO utasikia mbu anaimba. Kuna swichi nyingine ya ukubwa wa sahani, inchi 7 au 12. Ukiisahau kwenye 12 halafu ukaweka sahani ndogo, sindano itashuka pembeni pasipo na kitu. Nimefanya hivyo mara mbili, mara ya pili mbele ya wageni.

Aibu zake? Uzito wa mkono huwezi kuurekebisha, na kichwa cha sindano hakibadilishwi. Unabadilisha sindano peke yake, ATN3600L, ambayo inavutwa na kuchomekwa kwa vidole. Kama shangazi anakuletea kutoka Houston, mwambie asome kijiadapta: kikiwa cha 120V peke yake, usikichomeke huku, nunua kingine chenye volti na ncha zilezile upande wa mashine. Mwendo wake utabaki uleule.

Ya pili, Sony PS-LX310BT. Nayo mota ni ya DC, nayo inapandisha na kurudisha mkono yenyewe, na ina Bluetooth kwa wasiopenda waya. Haina kosa. Haijanigusa moyo tu.

Ya tatu ni Audio-Technica nyingine, AT-LP120XUSB, na wengine ingepaswa kuwa ya kwanza kwenu: wenye bibi walioacha sahani nzito zinazovunjika kama kigae, za mizunguko 78. Ni za enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Zile mbili za juu hazifiki 78, hii inafika. Lakini usiziguse kwa sindano iliyokuja nayo. Mifereji ya sahani hizo ni mipana, na sindano ya kawaida inadidimia chini kabisa kwenye takataka za miaka. Nunua sindano ya AT-VMN95SP, inaingia kwenye kichwa kilekile. Hapa mkono unaurudisha mwenyewe, na uzito unaupima mwenyewe. Bei ni ya kukaa chini kwanza.

Ya nne ni Rega Planar 1 ya Uingereza. Wapenzi wa sauti watanipiga mawe kwa kuiweka hapa. Sauti ni nzuri, sibishi. Lakini kutoka 33 kwenda 45 inakubidi uvue sahani ya chini, ile inayobeba santuri, na kuhamisha mkanda kwa kidole. Mimi na sahani zangu za 45? Hapana. Tena mota yake ni ya kufuata mapigo, kwa hiyo chukua iliyotengenezewa Uingereza, maana na wao wako kwenye 50.

Vile visanduku vya rangi vyenye spika ndani: sindano inakandamiza sahani karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Mpe mtoto achezee.

Ukishaing'ang'ania ya mtumba, pima kabla ya kulipa. Bandika kipande cha karatasi kwenye sahani, washa saa ya simu, hesabu. Kwenye 33, dakika tatu ni mizunguko mia kamili. Ukipata 83, rudisha pochi kwenye mkoba.

Na hawa wauzaji wa mitandaoni! "Inafanya kazi asilimia mia." Inafanya kazi wapi? Bei njoo inbox. Ukienda inbox unaulizwa uko wapi, kana kwamba mashine inabadilika thamani ukivuka Salenda. Sahani ambazo watu walikuwa wanafunikia mitungi, leo ina mkwaruzo kama uwanja wa bao na mtu anataka 60,000 kwa sababu "wazungu wanazitafuta." Wazungu wazitafute, kaka, ila mimi ndiye niliyesimama hapa.

Juzi nimeona mashine nyingine nzuri, ya mbao, bei ya kuchekesha. Nikamwandikia mwenyewe: naomba picha ya nyuma, pale penye kibandiko. Akanitumia ya mbele. Nikarudia kwa upole. Akatuma ya mbele tena, ameipaka filta. Mara ya tatu akanibloku.