Utabiri wa dhoruba za jua wa NOAA: nyota 4 kwa 5

Wasee wa droni na redio za masafa mafupi hapa Nairobi, hii huduma ya NOAA (shirika la Marekani la hali ya hewa na bahari) kutoka Boulder kule Marekani ni ya bure na iko poa sana. Milipuko ya jua wanaipanga C, M na X, hiyo X ndio kali, na mnururisho wake unafika kwetu kwa dakika 8 hivi kwa hivyo redio inaweza kukatika mchana kabla hujaonywa, lakini dhoruba ya sumaku huchukua siku 1 mpaka 3 na hapo ndio utabiri unasaidia kweli. Mei 2024 ilifika G5 (kiwango cha juu kabisa cha dhoruba ya sumaku), ya kwanza tangu 2003! Nyota moja natoa juu Kp (kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia) ni ya dunia nzima, na huku karibu na ikweta GPS inaweza kuyumba jioni hata Kp ikiwa chini. Saa ni za UTC (saa ya kimataifa), ongeza 3 upate ya Kenya.