Nahau za Kiingereza: tupitie Kifaransa au Kiswahili?

Hapa Goma wengi tunakijia Kiingereza tukiwa na lugha mbili tayari: Kifaransa cha shule na Kiswahili cha nyumbani. Ipi itusaidie na nahau zake?

Kifaransa kina njia ya mkato. "To kill two birds with one stone", yaani kuua ndege wawili kwa jiwe moja, inakutana na "faire d'une pierre deux coups", jiwe ni lile lile. Kitu cha bei kali humgharimu Mwingereza mkono na mguu, Mfaransa macho ya kichwani. Ukikumbuka bei za soko la Virunga, huhitaji maelezo.

Kiswahili kinagusa zaidi, ila kina mitego. Mdogo wangu aliambiwa na bosi wake aipokee habari fulani "with a pinch of salt". Kwa kuwa kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee, akadhani habari imetoka kwa wazee, basi ni ya kuaminika. Akaisambaza ofisi nzima! Kumbe aliambiwa asiiamini yote. Tena Waingereza husema sheria ina mkono mrefu, yaani humfikia mhalifu popote alipo. Kwetu mwenye mkono mrefu ndiye mwizi mwenyewe.

Hata hivyo mimi nachagua Kiswahili. Kwa "once bitten, twice shy" Kifaransa kinakupa paka aliyeungua na maji moto, sasa anaogopa hata ya baridi. Sawa. Lakini nikimwambia mwanafunzi "aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka", anacheka, na wiki ijayo bado anaikumbuka.