Kikoba cha Kibirizi na deni la shilingi 1,150,000: tathmini ya mwanachama

Tathmini hii inahusu huduma ya mkopo ya kikoba kimoja, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha wafanyabiashara wa dagaa, chenye wanachama 28, kinachokutana kila Alhamisi alasiri karibu na mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma. Sikitaji kwa jina kwa sababu wanachama wenzangu waliomba iwe hivyo. Ninachoeleza ni namna kikoba hicho kilivyonisaidia kuondokana na madeni, na mahali ambapo huduma yake bado ina upungufu ambao mtu anayefikiria kujiunga na kikoba cha aina hii anapaswa kuujua mapema.

Kazi yangu ni kununua dagaa wabichi alfajiri, kuwaanika, na kuwasafirisha kwa magunia hadi Tabora na Dar es Salaam. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipositishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, sikuwa na kitu cha kuanika, na kodi ya nyumba pamoja na mahitaji ya watoto shuleni viliendelea kudai kama kawaida. Mwezi Juni nilikwenda kwenye kampuni ya mikopo ya haraka, mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, nikapewa shilingi 600,000 kwa masharti ya marejesho 12 ya kila wiki, kila rejesho shilingi 68,000. Nilifanikiwa kulipa marejesho matano tu, na mawili kati ya hayo niliyalipa kwa sehemu kubwa kwa fedha za programu ya simu iliyoandika kwamba imenikopesha shilingi 150,000, ikaniingizia 120,000, kisha ikadai 165,000 baada ya siku 14. Niliposhindwa kulipa, ujumbe wa kunidhalilisha ulitumwa kwa watu waliokuwa kwenye orodha ya namba zangu, akiwemo mwalimu wa mwanangu.

Kwa miezi hiyo yote nilikuwa nikihudhuria kikao cha kikoba, nikikaa kwenye mkeka pamoja na wenzangu, bila kumwambia mtu yeyote. Nilikuwa na hisa 60 za shilingi 5,000 nilizokuwa nimezinunua kabla ya ziwa kufungwa, yaani akiba ya shilingi 300,000, na nilijua kwamba mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Sikuomba kwa sababu katika kikoba chetu hakuna mkopo unaotolewa bila mwombaji kusema mbele ya wote fedha hizo zinakwenda kufanya nini.

Mwezi Septemba nilimfuata mwekahazina nyumbani kwake Gungu, na hapo ndipo ilipoanza sehemu ya huduma ambayo naithamini kuliko fedha zenyewe. Mama huyo hakuniuliza nataka kiasi gani. Alinipa daftari, akanitaka niandike jina la kila anayenidai, kiasi nilichopokea mkononi, kiasi nilichokwisha kulipa, kilichobaki, na faini inayoongezeka kwa kila siku ninayochelewa. Niliandika kampuni na programu ya simu, nikaweka kalamu chini. Akaniambia, "Mwanangu, hata la dukani liandike." Nikaandika shilingi 85,000 za duka la mtaani, 100,000 za wifi yangu, na 240,000 za mvuvi aliyenipa dagaa kwa mali kauli, yaani nichukue kwanza nilipe nikishauza, kabla ya ziwa kufungwa. Kampuni peke yake ilikuwa imebakiza shilingi 476,000 za marejesho na 84,000 za faini. Kichwani mwangu nilikuwa nikiamini kwamba nadaiwa kama shilingi 700,000 hivi. Jumla iliyokuwa kwenye karatasi ilikuwa 1,150,000, na nilihesabu mara tatu kabla sijakubali.

Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi. Fomu ya mkopo haipokelewi bila saini ya mwenza wa mwombaji, na mume wangu alikuwa hajui kwamba jokofu letu na cherehani viliandikwa kuwa dhamana ya kampuni. Nilimweleza usiku huohuo, nikamwonyesha daftari lote. Hakusema neno kwa muda mrefu, kisha akauliza kama hakuna lingine lililobaki bila kuandikwa. Alitia saini asubuhi. Wapo wanaolilaumu sharti hili, na ninaelewa kwamba katika nyumba zisizo na amani linaweza kumzuia mwanamke asipate msaada anaouhitaji; nadhani kamati ingefaa iweke njia nyingine kwa hali kama hizo.

Nilipewa shilingi 900,000. Kamati ilipendekeza, nami nikakubali, kwamba kampuni ilipwe 560,000 na programu ilipwe 165,000 siku hiyohiyo, kwa kuwa hayo ndiyo madeni yaliyokuwa yakikua, na kwamba 175,000 zilizobaki ziwe mtaji wa kununulia dagaa badala ya kugawanywa kidogo kidogo kwa wadai wengine. Mwenyekiti mwenyewe alinisindikiza kwa mvuvi, kwa mwenye duka na kwa wifi yangu ili nikawaombe muda nikiwa na tarehe mkononi. Bila mwenyekiti pembeni yangu ningekwenda kwa mmoja tu, yule mpole.

Kinachokitofautisha kikoba hiki na wakopeshaji wengine niliowahi kushughulika nao ni utaratibu wa marejesho. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa dagaa hawavutwi na mwanga wa taa, mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa, na sisi tunaonunua mwaloni tunakaa bila mzunguko wa fedha. Kampuni ilidai shilingi 68,000 kila Jumatatu, kuwe na mwezi kusiwe na mwezi, na hata baada ya ziwa kufunguliwa, kila wiki ya mbalamwezi nilizidi kuzama. Kikoba kinadai marejesho matatu kwa mwezi na kuiacha wiki ya mbalamwezi bila rejesho, ingawa hata katika wiki hiyo mwanachama anatakiwa anunue angalau hisa moja. Nililipa shilingi 55,000 mara 18, jumla 990,000, na rejesho la mwisho nililitoa mwezi Machi 2025 bila kuchelewesha hata moja. Sikuwa nimeongeza bidii kuliko nilivyokuwa nayo Juni. Tarehe za kulipa zililingana na tarehe za kupata.

Riba ya kikoba ni asilimia 10 ya mkopo kwa miezi sita, nayo hurudi kwa wanachama wakati wa kugawana faida. Kwa upande wa kampuni, nilipopiga hesabu niliona kwamba juu ya shilingi 600,000 ilitaka ziada ya shilingi 216,000 kwa wiki 12. Benki Kuu ya Tanzania, inayosimamia wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambao kwa mkopo wangu wa miezi mitatu usingezidi shilingi 63,000. Laiti ningelijua hilo kabla ya kuweka saini. Kuhusu programu za simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni, kwa hiyo anayetaka kukopa kwa simu anaweza kwanza kuuliza kama mkopeshaji huyo ana leseni.

Upungufu upo. Mkopo unategemea hisa, kwa hiyo mtu anayekuja leo akiwa amezama na hana akiba hatapata kitu kwa miezi kadhaa, na kikoba hakina la kumfanyia zaidi ya kumsaidia kuandika daftari lake. Anayemaliza mkopo mapema hapunguziwi riba, jambo ambalo naliona si la haki na nimeliwasilisha kwenye kikao mara mbili. Siri haipo: wanachama wenzangu wote walijua ninadaiwa kiasi gani, na kabla ya juma kuisha soko la Mwanga nalo lilijua. Mwanachama wa kundi langu la watu watano tunaodhaminiana aliposhindwa kulipa mwezi Januari, wanne tuliobaki tulichangia shilingi 11,000 kila mmoja kwa wiki mbili, na kwangu mimi niliyekuwa bado na deni mchango huo ulikuwa mzito kweli.

Kuhusu usalama wa fedha sina malalamiko. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wasioishi mtaa mmoja, fedha huhesabiwa mbele ya kikao, na kila mwanachama anaondoka na kitabu chake kikiwa kimegongwa muhuri. Kikoba kimesajiliwa kama kikundi cha daraja la nne, yaani daraja la vikundi vya kijamii vya fedha, katika Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na anayetaka kujiunga huonyeshwa cheti bila kulazimika kukiomba.

Ningekipa nyota nne kati ya tano, na ya tano ningeitoa siku watakaporekebisha suala la riba kwa wanaowahi kulipa. Mvuvi nilimlipa fedha yake yote mwezi Aprili, mwenye duka mwezi Mei. Kwenye daftari lile lile la Gungu sasa umebaki mstari mmoja ambao haujakatwa, shilingi 40,000 za wifi yangu, na tumekubaliana kwamba nitampelekea nusu baada ya giza hili na nusu baada ya giza lijalo.