Zhuque-3 ya LandSpace: je, uipe setilaiti yako?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Bidhaa ya leo haiji kwa kontena: ni Zhuque-3, roketi ya LandSpace, kampuni binafsi ya Beijing. Naichambua kwa jicho la mtu mwenye setilaiti anayetafuta usafiri. Wapenzi wa moshi na moto mtanisamehe.

Hiyo mnayoiona ni safari yake ya kwanza, Desemba 3, 2025, kutoka kituo cha Jiuquan, China. Hatua ya pili, yaani sehemu ya juu ya roketi inayobeba mzigo, ilifika kwenye obiti, njia ya kuizunguka Dunia. Hatua ya kwanza, sehemu ya chini inayoinyanyua roketi, ilitakiwa irudi, isimame wima kwa miguu yake minne huko Minqin, jimbo la Gansu, kilomita kama 390 kutoka iliporushwa. Ikaanguka na kulipuka ukingoni mwa uwanja. Yaani mzigo ulifika, ila gari halikurudi, na bei nafuu inayosemwa inategemea gari lirudi.

Tuanze na mwili. Kipenyo ni mita 4.5, urefu wa toleo hili ni mita 66, na uzito wakati wa kuruka ni tani kama 570. Matangi ni ya chuma cha pua, kile cha masufuria yasiyoshika kutu. Roketi nyingi hutumia aloi ya alumini, ambayo ni nyepesi lakini hulegea mapema ikipata moto. Chuma cha pua kinapatikana kwa bei ndogo, kinachomeleka vizuri, na kinastahimili joto la kurudi bila kuvikwa kinga nyingi. Hasara yake ni uzito, na uzito huo unakatwa kwenye mzigo wako.

Chini kuna injini tisa za TQ-12A, zinazotumia methani na oksijeni ya kimiminika. Kwa nini methani? Mafuta ya taa ya roketi huacha masizi kwenye injini, na anayetaka kuirusha injini ileile tena lazima ayashughulikie. Methani huacha masizi kidogo sana. Pia huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, oksijeni kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Hazipishani sana, kwa hiyo kuyaweka matangi jirani si kazi ngumu.

Uzoefu wanao. Zhuque-2 yao, Julai 12, 2023, ilikuwa roketi ya kwanza ya methani duniani kufika kwenye obiti. Lakini tazama ilivyoanza: Desemba 2022 injini kubwa ya hatua ya pili ilimaliza kazi yake salama, kisha vile viinjini vya usukani vikazimika kabla ya wakati na kasi ya kufika obiti ikakosekana. Toleo lililofuata, Zhuque-2E, liliviondoa kabisa. Injini kubwa yenyewe ndiyo inayogeuka kuelekeza roketi. Huo ni uhandisi ninaoupenda, maana kifaa kisichokuwepo hakiharibiki. Hata hivyo Agosti 15, 2025 hiyohiyo 2E ilipoteza mzigo, kwa hiyo mtu wa bima atakuuliza maswali.

Sasa kutua, ndiko kwenye kazi. Hatua ya kwanza ikishaachana na ya pili inajigeuza, inawasha injini kupunguza kasi kabla ya hewa nzito, inashuka ikiongozwa na mapezi manne yenye matundu, halafu inawasha tena karibu na ardhi. Desemba mambo yalikwenda mpaka hapo mwisho: baada ya injini kuwashwa kwa ajili ya kutua, uwakaji haukuwa wa kawaida.

Kwa nini kuwasha tena ni kugumu kwa roketi yoyote? Mafuta yaliyobaki ni kidogo na yanachezacheza ndani ya tangi. Pampu ikivuta gesi badala ya kimiminika, inazunguka kupita kiasi au mgandamizo unaporomoka. Halafu hatua hiyo sasa ni tupu, nyepesi. Hata injini chache zikipunguzwa nguvu zinaweza kuisukuma juu kuliko uzito wake, kwa hiyo haiwezi kuelea ikitafuta pa kukaa. Kasi lazima ifike sifuri palepale miguu inapogusa. Ukiwasha mapema mafuta yanaisha juu. Ukichelewa, inagonga ardhi kwa kasi. Septemba 2024 chombo chao cha majaribio kilipanda kilomita 10, kikazima injini, kikawasha tena na kutua salama. Ila hicho hakikuwa kinarudi kwa kasi ya roketi iliyotoka kupeleka mzigo.

Namba za kuzingatia ni za toleo kubwa la mita 76.6. LandSpace wanasema litabeba tani 21.3 hatua ya kwanza ikitupwa, 18.3 ikitua mbele ya safari, na 12.5 ikirudi hadi iliporushwa. Angalia pengo: kurudi nyumbani kunakula karibu tani tisa.

Wateja wapo. Miradi miwili ya China ya intaneti ya setilaiti inahitaji usafiri: Guowang imeandikisha setilaiti karibu 13,000, na Qianfan ya Shanghai inataka zaidi ya 10,000. Kanuni za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinadai asilimia 10 ziwe angani miaka miwili baada ya muda wa kwanza wa miaka saba kuisha, nusu kwa miaka mitano, zote kwa saba. Kwa roketi za kutupwa, hesabu hiyo ni ngumu. Kampuni ya serikali nayo ilirusha Long March 12A Desemba 23, 2025: obiti ikafika, kutua kukashindikana.

Ushauri wangu: kama setilaiti yako ni ya majaribio na una ya akiba, omba nafasi. Kama ni moja tu ya thamani kubwa, subiri iruke salama mara kadhaa. Na kwenye mkataba usikubali kupigiwa hesabu ya roketi inayorudiwa. Falcon 9, roketi ya SpaceX ya Marekani, ilitua mara ya kwanza Desemba 2015, na hatua iliyotumika ikaruka tena Machi 2017. Miezi 15 hiyo ilipita baada ya kutua. Zhuque-3 kwenye safari hii haikutua.