Interstellar au Gravity?

Interstellar (2014), filamu ya safari za angani ya Christopher Nolan, ina moyo mkubwa. Mwanaanga Cooper anarudi chomboni kutoka sayari ya maji, ambako muda huenda polepole mno: amekaa saa chache tu, kumbe duniani imepita miaka 23. Anaketi kutazama video za wanawe, ambao sasa ni watu wazima, machozi yakimtiririka. Hapo nami hulia, kila mara. Ila muziki wa Hans Zimmer wakati mwingine unameza maneno ya waigizaji, na dakika 169 ni nyingi mno.

Gravity (2013) ya Alfonso Cuarón haipotezi muda: dakika 91 basi. Vyombo vya angani vinasambaratika bila mlio, kama ilivyo angani kweli. Hadithi tu ndiyo nyembamba. Mimi nachukua Interstellar, pamoja na kasoro zake.