Balizima televizyo katikati ya penalti: uzoefu wangu na nyumba ya video ya kwetu Kenya

Naandika hii na hasira bado iko moto, kwa hiyo munisamehe kama kuko neno litatoka vibaya. Niko Lubumbashi, komini ya Kenya (Kenya ya kwetu, siyo ile inchi), na ni miaka mingi naangaliaka mupira mu nyumba moja ya video karibu na kwetu. Jina siliweki. Bale banaendaka pale batajijua paka na hadithi yenyewe. Unalipa faranga elfu moja ku mulango, ukifika mapema unapata kiti ya plastiki, ukichelewa unasimama ku ukuta na unanyamaza. Jasho, mutu kukukanyaga, jenereta kunguruma nyuma ya dirisha, byote nilishazoea.

Shida yangu ni penalti.

Ilikuwa mwisho ya mwezi wa nane 2025, Manchester United yetu inaenda kwa Grimsby, kombe ya Ligi kule Uingereza. Grimsby ni timu ya divizyo ya ine. Ya ine! Mimi na mudogo wangu tulisema tutaangalia kipindi ya kwanza tu, tukiisha kuona mbili bila tunarudia nyumbani juu kesho kuko kazi. Mbili bila tuliiona kweli, lakini ilikuwa ya Grimsby. Dakika ya 22 moja, dakika ya 30 ingine. Onana, kipa wetu, ile ya kwanza ilimupitia upande wa mulingoti wake mwenyewe, ya pili alitoka kupiga mupira ngumi akapiga hewa. Huyu Onana nilimuteteaka kwa batu miaka mbili, nilikuwa nasema mabeki hawamulindi, juu ni Mwafrika mwenzetu na najua vile batu benye kuwa bepesi kumutukana, lakini ile usiku nilikosa neno.

Kule kwao mvua inamwagika, huku kwetu mavumbi ya kiangazi imejaa mupaka ku meno, na kamera ikamuonyesha Amorim, kocha wetu wa wakati ule, amekaa na kale kabao kake kadogo, anahamisha tule tusumaku, anatia huku, anatosha, anatia kule. Muzee moja mbele yangu akauliza, "Ule anacheza dame?" Batu bakacheka. Mimi sikucheka. Timu imepigwa mbili na batu ba divizyo ya ine na kocha anatafuta jibu mu sumaku.

Kipindi ya pili tukateseka mupaka Mbeumo akafunga dakika ya 75, na dakika ya 89 Maguire, na kichwa. Pale nyumba ilipasuka. Mudogo wangu alinikamata shingo karibu nikufe, kibakuli ya bitumbula (mandazi) ya mama moja ikamwagika chini, tukamulipa bila kuhesabu. Mu raundi za mwanzo za kombe ile hakuna dakika za kuongeza, munaingia mu penalti moja kwa moja, na penalti zikaanza, huyu anafunga, huyu anafunga, Onana akatoa moja, tukamusamehe byote, na ya tano yetu akaja Cunha. Akiifunga tu tumepita. Kipa wao akaitoa. Ine kwa ine. Batu bote mikono ku kichwa.

Na pale pale televizyo ikawa nyeusi.

Tuliwaza kuran (umeme) imekatika, kwetu ni kitu ya kila siku, tukangojea. Lakini balbu ilikuwa inawaka juu yetu. Nikageuka, nikaona papa mwenye nyumba amesimama ku mulango wa nyuma na waya mu mukono.

Nikamuambia, "Papa, haijaisha."

"Penalti tano tano zimeisha. Saa tano imepita. Mukalale."

"Papa, tulilipa match muzima."

"Mulilipa match. Penalti haiko match."

Nikamuomba na adabu, mbele ya Mungu nilimuomba na adabu, juu ni mutu wa umri ya baba yangu, nikamuambia papa tafazali dakika kumi tu. Akaniangalia juu mupaka chini akasema, "Weye kijana, ukitaka kuangalia bure ununue televizyo yako." Bure! Faranga yangu elfu moja iko mu mufuko yake na ananiita mutu wa bure, mbele ya mudogo wangu, mbele ya ile mama ya bitumbula. Ile neno njo inaniuma, kuliko hata kushindwa. Najua yeye ni mutu wa Arsenal, na goli ya pili ya Grimsby ilipoingia nilimusikia vile alicheka, lakini sitaki kusema alizima juu ya ile, labda alichoka kweli, labda mafuta ilikuwa inaisha, sijui. Kwa nini hakusema basi? Ukisema mafuta imeisha siye tunachanga, tulishachanga mara ngapi!

Tukatoka inje, batu labda makumi mbili, tukazunguka telefone ya kijana moja wa shule aliyebaki na mega za intaneti. Hakuna picha, ni maandishi tu. Anavuta na kidole, mwanga ya telefone iko ku uso yake, anasoma: amefunga. Tunangoja. Amefunga. Tunangoja. Zilipigwa penalti kumi na sita zingine namna ile na mimi sikuona hata moja na macho yangu. Kisha mega zikaisha mbele ya mwisho. Habari yenyewe nilipewa mu njia na mulinzi ya duka mwenye radio, 12 kwa 11, Mbeumo amepiga mulingoti ya juu. United haikuwa imeshatolewa na timu ya divizyo ya ine mu ile kombe hata siku moja, na mimi niliambiwa na mulinzi.

Kwa hiyo, ile usiku, kama mungeniuliza, nyota sifuri, na musiende pale, na mukataze hata batoto benu.

Lakini asubuhi niliangalia vipande ya video, na hasira ikagawanyika mara mbili. Juu mu ile penalti, Amorim amekaa kule ndani ya banki ya bacheza-akiba, amejificha, haangalii. Bachezaji bake banaenda moja moja mu mvua kupiga, Sesko tulimununua afunge anapiga mu bale ba mwisho mwisho, na kocha haangalii. Mimi nililipa ili niangalie, bakaninyima. Yeye balimulipa aangalie, akakataa. Sijui mu hawa babili ni nani alinikosea zaidi, na kila siku nabadilisha jibu.

Niseme ukweli juu ya hii mambo ya kubadilisha makocha, juu batu banajua nilisema nini. Mimi nilikuwa kati ya bale baliosema Ten Hag, kocha wa mbele ya Amorim, aende. Sasa siko na hakika. Huyu mutu alituletea kombe ya Ligi 2023, akatuletea FA Cup 2024 akipiga Manchester City mbili kwa moja, bakamuongezea mukataba mu kiangazi, na mu mwezi wa kumi wa ule mwaka bakamufukuza. Sasa ule mukataba ulikuwa wa nini? Van Nistelrooy akashika timu match ine, akashinda tatu akatoka sare moja, bachezaji bale bale, tukaanza kupumua, kisha akaletwa Amorim na mabeki yake tatu. Match ya kwanza, kwa Ipswich, Rashford akafunga mu dakika ya pili, mimi nikaruka nikasema njo huyu! Ikaisha moja moja. Tukamaliza ligi nafasi ya 15, pointi 42. Na finali ya Europa League kule Bilbao tukapigwa moja na Tottenham, ile Tottenham iliyokuwa chini yetu ku ligi. Kisha Amorim akasema hata Papa wa Roma hawezi kumubadilisha mufumo wake. Mimi ni Mukatoliki, sikuichukua vibaya, lakini nilijiuliza: kama Papa hawezi, na Grimsby hawawezi, basi nani?

Na bachezaji, mutu asinidanganye eti ni bachezaji babaya. McTominay tulimuuza Napoli kama mutu anauza kiti ya zamani, mu mwaka moja tu akachukua ubingwa wa Italia na bakamuchagua muchezaji bora wa ligi. Miguu ni ile ile. Kichwa ni kile kile. Bruno peke yake njo anabeba ile timu ku mugongo, na siku Bruno anachoka hakuna wa kumupokea. Mainoo, mutoto wa nyumba, Amorim alikuwa anamuweka inje. Cunha simulaumu na ile penalti, aliikubali, alienda, alipiga. Mutu anayeenda kupiga simutukani.

Batu ba kwetu banasemaka, eh, kubadilisha makocha kila saa njo kunaharibu timu. Siamini yote. Siye mu Lubumbashi tuko na ushuhuda. Mazembe, timu ya kwetu, ilichukua kombe ya Afrika 2009 na Garzitto, ikachukua tena 2010 na Lamine N'Diaye, ikachukua 2015 na Carteron. Kombe tatu, makocha tatu. Na mu 2010 Mputu, mushambuliaji wetu, hakuwa pale, alikuwa amefungiwa, tulisema tumekufa, tukafika mupaka finali ya klabu za dunia na Inter Milan, tumeitosha Internacional ya Brazili mbili bila na kipa Kidiaba anarukaruka na matako ku nyasi dunia yote inaangalia. Makocha balipita, lakini nyumba ilikuwa imesimama na Kidiaba alikuwa ku goli. Kwa United, tangu Ferguson atoke 2013, kila kocha anakuta nyumba ya batu bengine, anabomoa ukuta, mbele ya kujenga bamemufukuza, anakuja mwingine anabomoa ule ulibaki. Kwa hiyo, mbele bamufukuze mu 2026, sikutaka Amorim aende. Hapana, ngojeni. Nikikumbuka ule mutu amekaa haangalii penalti, nilikuwa nataka afukuzwe siku ile ile, mbele ya jua kuzama.

Turudie kwa papa mwenye nyumba, juu sitaki kumufanyia uongo. Kuko ingine usiku, mu mwezi wa ine wa ule mwaka 2025, ile match ya Lyon ya Europa League. Nayo ilikuwa pale pale, ku ile televizyo. Tulikuwa mbili bila, bakarudisha zote, mu dakika za kuongeza Lyon wako batu kumi wanatupiga ine kwa mbili, nusu ya nyumba ikatoka ikaenda kulala, na kuran ikakatika kweli. Papa hakusema kitu. Alienda mu giza na bidon, nilisikia vile anamwaga mafuta yake mwenyewe, jenereta ikakohoa mara tatu ikaamka, na picha ikarudi mbele Bruno hajapiga penalti yake. Bruno ine kwa tatu, Mainoo dakika ya 120, Maguire na kichwa ya 121, tano kwa ine. Nililia. Mutu muzima, nililia mbele ya batu, na papa mwenye Arsenal yake alinipiga mukono ku bega akasema, "Mwanangu, mupira njo hii." Hakutuomba hata faranga moja ya ile mafuta.

Sasa munielewe kwa nini ile waya iliniuma. Angekuwa ni mutu mubaya tangu mwanzo singeandika.

Nyuma ya siku tatu nilirudi, jumamosi, match ya Burnley. Mudogo wangu alikataa kuja, alisema weye hauna haya. Nililipa elfu yangu, papa akaipokea bila kuniangalia. Tuko mbili mbili, dakika zimeisha, na VAR (marefa ba video) ikatupa penalti dakika ya 97. Bruno akaushika mupira, Bruno ambaye wiki moja mbele alikuwa ameirusha ya kwake juu kwa Fulham. Na mimi, badala ya kuangalia Bruno, niligeuka nikaangalia mukono ya papa. Haikuwa na waya. Alikuwa ametoka kule nyuma, amekaa ku kiti ya plastiki katikati yetu, mikono ku magoti, anaangalia. Nikasikia nyumba inalipuka, tatu kwa mbili, na tena sikuiona penalti yenyewe, hii mara juu ya kumuangalia yeye.

Kutoka nilimusimamisha ku mulango. Nikamuambia, papa, mbele ya nikuheshimu kama zamani, ile neno ya bure uliniambia mbele ya mudogo wangu, uiondoe, na unirudishie elfu moja ya Grimsby. Akakohoa, akaangalia chini, akasema, "Ya faranga tutaona. Ule mudogo wako, umulete jumamosi."

Kwa hiyo nyota mbili. Nilikuwa nataka kuandika moja. Mudogo wangu bado anakataa kwenda, na ile elfu moja mupaka leo sijaiona.